Picha zote zilipigwa dirisha lile lile

Desemba ya mwaka 2023, mtu yeyote aliyepita nyumbani kwetu Shume alionyeshwa theluji kabla hata hajakaribishwa chai. Mume wangu alitoa simu mfukoni, akafuta kioo kwa shati, kisha akasema, "Huko ndiko aliko binti yetu." Kwenye picha kulikuwa na mapaa meupe, mti usio na jani hata moja, na gari lililofunikwa theluji mpaka likaonekana kama godoro.

Wageni walishangaa, nami nilishangaa pamoja nao. Kisha usiku mmoja, wakati wenzangu wamelala, nilizipitia picha zote tangu ya kwanza. Zilikuwa 14. Kulikuwa na ya mvua, ya majani ya njano, ya jioni, ya theluji. Lakini mti ulikuwa ule ule, na nguzo ya taa ilikuwa ile ile, upande ule ule wa kushoto.

Mtoto alikuwa na miezi miwili na nusu Ujerumani, na kila picha aliyotutumia aliipiga akiwa amesimama mahali pamoja, ndani ya chumba chake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto anayekaa dirishani muda wote namfahamu. Hatazami nje kwa sababu nje kunapendeza. Kuna kitu kinamzuia kutoka.

Daftari la michango

Huyu ni mtoto wetu wa pili. Amekulia pembeni ya msitu wa Shume-Magamba, na tangu mdogo alipenda miti kuliko mimi mama yake nilivyotaka. Alisoma misitu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kisha akapata nafasi ya shahada ya pili ya misitu ya ukanda wa joto huko Dresden, mashariki ya Ujerumani. Masomo yenyewe hufanyika Tharandt, mji mdogo nje ya Dresden. Shule ya misitu ya pale ilianza mwaka 1811.

Wazee wa huku waliposikia ni Ujerumani, walicheka. Shume inawajua Wajerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikata mwangati kwenye misitu yetu, wakajenga njia ya kamba za chuma ya kuteremsha magogo kutoka huku juu mpaka Mkumbara, kwenye reli. Mzee mmoja akasema, "Walikuja kuchukua miti, sasa wamlipe huyo mtoto kwa kumfundisha."

Ufadhili alioupata ulilipia masomo na posho ya kila mwezi. Lakini kabla posho haijaanza kuingia, mtu anahitaji viza, nauli, koti, na pesa ya kuanzia maisha. Mshahara wa mwalimu na mapato ya Fuso la mume wangu, ambalo hubeba kabichi, karoti na viazi kwenda Dar es Salaam, havikutosha. Ndugu, majirani na walimu wenzangu wakachanga. Tuliandika majina kwenye daftari kubwa la mistari, kuanzia aliyetoa shilingi 2,000 hadi aliyetoa laki moja. Mzee mmoja hakuwa na fedha, akaleta gunia la viazi tuuze.

Siku ya safari tulimsindikiza hadi stendi ya Lushoto. Watu walikuwa wengi. Nilimkumbatia, nikamwambia kwa sauti ili na wenzangu wasikie, "Nenda mwanangu. Usituangushe."

Nilidhani nimempa baraka. Baadaye nilijua kwamba nilikuwa nimemwongezea mzigo mwingine juu ya begi alilobeba.

"Leo sikwenda"

Kila Jumapili alikuwa akipiga simu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, masomo yanaendelea, namshukuru Mungu. Sisi tukauliza, "Baridi je?" Akajibu, "Ipo, lakini ya kawaida tu." Tulicheka. Baridi ya Juni na Julai ya Shume hata Wajerumani waliipenda, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi kwamba mtoto wetu atashindwa na ubaridi.

Usiku ule baada ya kuangalia picha sikulala vizuri. Kesho yake nilimpigia mwenyewe. Huku ilikuwa saa tatu usiku, kwake saa moja jioni. Baada ya salamu sikumuuliza anaendeleaje. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mtoto yeyote anayerudi nyumbani:

"Leo ulipita njia gani kwenda chuo?"

Akanyamaza.

"Mwanangu, unanisikia?"

"Leo sikwenda, mama."

"Na jana?"

"Jana pia sikwenda."

Halafu akaanza kulia. Hakulia kama mtu aliyefiwa. Alilia kama mtu aliyebeba ndoo kichwani muda mrefu na hatimaye ameitua.

Nitaeleza aliyoniambia kwa urefu kidogo, kwa sababu najua wapo wazazi wanaosoma ukurasa huu ambao watoto wao wako mbali, na wanasikia "niko salama" kila Jumapili kama nilivyokuwa nasikia mimi.

Mambo madogo madogo

Alifika Frankfurt, akapanda treni ya zaidi ya saa nne hadi Dresden. Hilo aliliweza. Yaliyomshinda yalikuwa madogo, na yalikuja mfululizo.

La kwanza ni saa. Mwenye nyumba alimwambia waonane achukue funguo saa fulani, kwa Kijerumani wanasema "halb drei". Yeye akasikia "nusu" na "tatu", akajua ni saa tatu na nusu kwa hesabu yao. Kumbe Mjerumani akisema nusu ya tatu, maana yake ni nusu ya kuelekea tatu, yaani mbili na nusu. Ongeza na sisi wenyewe, ambao saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, basi kichwani mwake kulikuwa na saa tatu tofauti zinazogombana. Alichelewa saa nzima. Mwenye nyumba alikuwa amesimama barabarani akimsubiri. Hakumtukana, ila alimwonyesha saa ya mkononi bila kusema neno. Binti yangu alisema angetamani atukanwe.

La pili ni barua. Sisi tumezoea kwamba jambo la muhimu mtu anakupigia simu au anakuja mwenyewe. Kule karibu kila jambo huja kwa barua ya karatasi: benki, bima ya afya, ofisi ya manispaa. Na barua haifiki kama jina lako halijabandikwa kwenye sanduku la barua mlangoni. Alikaa karibu wiki mbili akisubiri kadi ya benki, kumbe jina lake halikuwa limebandikwa.

La tatu ni Jumapili. Maduka hufungwa. Jumapili ya kwanza aliamka hana chochote chumbani isipokuwa maji na biskuti za safarini. Huku Shume Jumapili ukikosa kitu unabisha hodi kwa jirani. Kule alisimama kwenye korido, akatazama milango sita, akarudi ndani.

La nne ni giza. Baridi kweli haikumshinda. Lakini mwezi Desemba, Dresden kunapambazuka kama saa mbili asubuhi na jua linazama kama saa kumi jioni. "Mama," aliniambia, "naingia darasani giza, natoka giza. Nikikosa kutoka siku moja, nakuwa sijaliona jua kabisa."

Na la tano, lililomfungia ndani, lilikuwa tiketi.

Euro 60

Katika wiki yake ya kwanza, kabla kadi ya mwanafunzi haijatoka, alitaka kwenda mjini kwa tramu, yaani treni ndogo zinazopita katikati ya barabara. Alinunua tiketi kwenye mashine. Alilipa pesa halali, akaishika mkononi, akakaa. Hakujua kwamba tiketi ile ilitakiwa kugongwa muhuri kwenye kimashine kidogo ukipanda. Kule hakuna konda wa kukuambia. Unapanda, unashuka, hakuna anayekuuliza, mpaka siku wanapoingia wakaguzi ambao wamevaa nguo za kawaida kama abiria wengine.

Walimkuta. Aliwaonyesha tiketi. Wakamwambia haijagongwa, kwa hiyo ni sawa na kutokuwa na tiketi. Faini euro 60, kwa wakati ule zaidi ya laki moja na nusu. Watu wote ndani ya tramu walikuwa kimya, wanatazama simu zao. Waliandika jina lake na anwani, wakampa karatasi.

Alifika chumbani akaiweka chini ya godoro.

Wazazi wenzangu, fedha ya kulipa alikuwa nayo. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwepo. Kilichomzuia kulipa ni kwamba ile fedha ya kuanzia maisha ndiyo iliyotoka kwenye daftari. Aliniambia, "Kila nikitaka kulipa, naona majina. Namwona mzee na gunia la viazi. Nikasema, nitawaambiaje kwamba viazi vyake vimelipia faini ya mwizi wa nauli?"

Akasubiri posho. Posho ilipoingia, kukaja kodi ya chumba na bima ya afya. Barua ya ukumbusho ikaja, kwa Kijerumani cha ofisini. Aliielewa nusu. Deni lilikuwa limeongezwa gharama. Ikaja ya pili. Hapo akajiaminisha kwamba jina lake lipo polisi, na siku akikaguliwa tena atakamatwa, viza ifutwe, arudishwe nyumbani, ashuke stendi ya Lushoto mbele ya watu wale wale.

Kufikia Novemba kadi yake ya mwanafunzi ilishatoka, na tiketi ya muhula mzima ilikuwa ndani yake, imelipiwa pamoja na mchango wa muhula. Aliweza kupanda tramu na treni za eneo lile bila kununua tiketi nyingine. Lakini alikuwa anatembea kwa miguu. Kadi iko mfukoni, tramu inampita, yeye anatembea. Dukani alikwenda kwa miguu. Vipindi vya Dresden alikwenda kwa miguu. Tharandt iko kilomita kama 15, haiendeki. Kwa hiyo vipindi vya Tharandt akaanza kuvikosa, kimoja, viwili, halafu wiki nzima.

Na akikosa kwenda, anasimama dirishani, anapiga picha, anatutumia. Baba anapita nayo mtaa mzima.

Nipe simu

Mume wangu alikuwa anakula. Alikuwa amerudi kutoka Dar mchana ule na alikuwa amechoka. Nilikuwa nimeweka simu sauti ya juu, kwa hiyo alisikia karibu yote. Akaacha kula, akanawa mikono, akasema, "Nipe simu."

Niliogopa. Baba huyu ni mkali kwa mambo ya fedha. Nilitaka kumwambia amwache kwanza, lakini alishachukua.

"Umesema faini?" akamuuliza.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Faini moja?"

"Moja, baba."

Akacheka. Ninamaanisha alicheka kweli, mpaka akashika tumbo. "Mwanangu, mimi nimeendesha gari miaka 20 na kitu. Ningekuwa naweka faini chini ya godoro, mimi na mama yako tungelala darini."

Upande wa pili nikasikia kitu kama kicheko kinachotoka puani. Kisha mume wangu akasimulia jambo ambalo hata mimi, mke wake, sikuwahi kulisikia.

Mwaka 1994 alikuwa utingo, kijana asiyewahi kufika Dar es Salaam. Gari liliharibika, tajiri akamtuma Kariakoo kutafuta spea. Akapotea. Alizunguka tangu asubuhi hadi jioni na pesa ya spea ameifunga kiunoni. Hakuuliza mtu, kwa sababu aliogopa akifungua mdomo watajua kwa lafudhi yake kwamba ni mshamba wa milimani, wamwibie au wamcheke. Usiku ulimkuta amekaa kibarazani mwa duka lililofungwa, hajala, anajifanya anamsubiri mtu. Alfajiri mama mmoja muuza chai alimuuliza, "Kijana, umepotea?" Akakataa. Mama akamwambia, "Haya, kaa hapo hapo mpaka uwe mwenyeji." Ndipo akakubali. Duka alilokuwa analitafuta lilikuwa mtaa wa pili tu kutoka pale.

"Nililala njaa," akamwambia binti yake, "kwa sababu ya kuogopa kuonekana mgeni. Na mgeni nilikuwa. Sasa wewe umelala njaa miezi miwili. Inatosha. Kesho toa hizo barua chini ya godoro, mpelekee mtu yeyote anayeijua hiyo lugha, mwambie: sielewi, nisaidie."

"Na daftari, baba?"

Mume wangu akanitazama. Nikachukua simu. Nilimwambia, "Daftari ni langu. Niliandika majina ili niwashukuru. Wewe hudaiwi."

Simu ilipokatika tulikaa kimya kidogo. Nilimuuliza mume wangu, kwa nini hukuwahi kuniambia habari za Kariakoo? Akasema, "Ningekuambiaje wakati nakuchumbia?" Tukacheka. Lakini baadaye, kitandani, niliwaza: tumelea watoto wanne, na wote wamekua wakituona sisi ni watu tusiowahi kupotea. Wangejifunzia wapi?

Barua zilitoka

Kesho yake alizipeleka kwa mwanafunzi mmoja Mkenya aliyemsikia siku moja akiongea Kiswahili jikoni kwenye bweni. Alikuwa amemwogopa hata huyo. Dada yule alizisoma zote pale pale, akasema hata yeye alishapigwa faini hiyo hiyo, tena kwa sababu hiyo hiyo. Wakaenda pamoja ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wa kigeni. Pale wakapiga simu moja. Akakubaliwa kulipa kwa awamu mbili. Hakukuwa na polisi wala habari ya viza. Jambo lililomnyima usingizi tangu Oktoba lilimalizika kabla ya chakula cha mchana.

Sisemi kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Mtihani mmoja wa muhula wa kwanza ulimshinda, akaurudia. Januari ilikuwa ngumu. Lakini alianza kutoka. Dada Mkenya alimwonyesha duka la Waafrika la kununua unga wa mahindi, na akamfundisha kwamba ukiukosa, semolina ya ngano inasongeka. Alianza kwenda Tharandt kwa treni, kama dakika 20, mji uliobanwa bondeni kati ya miteremko yenye misitu. Alinitumia picha, nikamwambia, "Mbona kama unashuka Soni?" Akasema ndicho alichowaza alipofika mara ya kwanza. Pale kuna bustani ya miti ya tangu 1811, yenye miti kutoka pande nyingi za dunia, na alianza kushinda humo.

Machi alipanda treni peke yake hadi Leipzig, zaidi kidogo ya saa moja, kwa sababu alisikia chuo kikuu cha kule kinafundisha Kiswahili. Alinipigia akiwa amekaa na vijana wa Kijerumani wanaomsalimia "shikamoo" ingawa wanalingana umri. Aliwarekebisha. Hiyo ndiyo siku nilijua amekuwa mwenyeji. Mgeni harekebishi mtu.

Na mimi nilikuwa na safari yangu ya kufanya. Nilikwenda kwa yule mzee wa gunia la viazi. Niliona si haki aendelee kuonyeshwa theluji bila kuujua ukweli. Nikamweleza yote, faini na barua na kukosa vipindi. Alisikiliza, kisha akaniuliza, "Anakula?"

"Anakula, mzee."

"Huko wana viazi?"

"Wanavyo. Na kabichi. Anasema Wajerumani wanakula viazi na kabichi kuliko sisi."

"Basi hajaenda mbali," akasema, akaendelea na kazi yake.

Tungefanya tofauti

Wazazi wengi wameniuliza, kwa kuwa na watoto wao wanajaza fomu. Naeleza niliyojifunza.

Yapo mambo ya karatasi. Kwa Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, lakini mwanafunzi asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha ya kuishi. Tangu Septemba 2024 kiasi cha kawaida ni euro 11,904 kwa mwaka, zinazowekwa kwenye akaunti maalumu na kutolewa euro 992 kila mwezi. Msimpeleke mtoto kwa matumaini kwamba atapata kibarua akifika. Akishahamia nyumbani anatakiwa ajiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili. Jina libandikwe kwenye sanduku la barua siku hiyo hiyo ya kuhamia. Tiketi yoyote, aulize: hii inagongwa au haigongwi? Na barua asiyoielewa isilale zaidi ya siku moja bila kuonyeshwa mtu.

Kuhusu saa, wao hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakati wa baridi tunawatangulia kwa saa mbili, wakati wa joto saa moja. Mimi niliwahi kumwamsha alfajiri nikidhani kwake kumekucha. Na mkipanga muda wa kuongea, semeni kabisa: saa ya kwetu au ya kwenu?

Lakini ningerudishwa Septemba ile 2023, ningeanza na mambo yasiyo ya karatasi. Pale stendi nisingesema "usituangushe". Ningesema, "Ukipotea, tuambie." Na daftari la michango nisingelisoma mbele yake.

Nisingemuuliza kila Jumapili "unaendeleaje", kwa sababu swali hilo jibu lake ni "salama" hata kama nyumba inaungua. Ningemuuliza: leo ulipita njia gani? Ulikula nini? Ulizungumza na nani? Mtoto hawezi kudanganya njia kwa muda mrefu. Kona moja ikikosekana, utajua.

Na ningemwambia mapema habari za Kariakoo. Ningemwambia na zangu pia, za mwaka wa kwanza wa ualimu, nilipopangiwa shule ya mbali na nyumbani na kulia kila jioni kwa wiki tatu huku nikimwandikia mama yangu kwamba kila kitu ni kizuri. Barua hizo mama alizitunza mpaka alipofariki. Sasa najiuliza kama naye aliwahi kuzipanga akaona dirisha.

Oktoba ya mwaka 2025 mdogo wake wa kiume alikwenda kuanza chuo Dodoma. Si ng'ambo, lakini kwa kijana ambaye mwisho wake ulikuwa Mombo, Dodoma ni mbali. Safari hii hatukumsindikiza zaidi ya Lushoto. Jioni kabla ya kuondoka tulikaa jikoni tukisimuliana nani alipotea wapi, na dada yake akawa kwenye simu kutoka Dresden, anamalizia kuandika tasnifu yake, anamfundisha mdogo wake kusema "sielewi, nisaidie" kwa Kijerumani, ati itamfaa na Dodoma.

Kesho yake jioni ukaja ujumbe: "Mama, nimeshuka Msamvu nikapotea, nikapanda bajaji ya kwenda kusiko. Nimemuuliza mama ntilie. Sasa nipo ndani ya SGR, nimekaa."

Mume wangu ameuhifadhi ujumbe huo kwenye simu yake. Wageni wakija, baada ya chai, ndio anaowaonyesha.